Vua Tukuone

"Vua," alisema afisa wa uhamiaji.

Nikavua. Akaitazama pasi yangu, akanitazama mimi, akairudia pasi. Kisha akasogeza uso karibu na kioo, kama mtu anayesoma namba ya gari usiku.

"Mwalimu, nimesema vua."

"Nimeshavua."

"Na hiyo nyingine?"

Alikuwa anaulizia ndevu zangu.

Naomba nijitetee. Corona ilipoingia Rwanda, Machi 2020, saluni zilifungwa pamoja na karibu kila kitu kingine, na mwezi uliofuata barakoa ikawa lazima. Nikapiga hesabu zangu: wembe ni pesa, kidevu hakionekani, basi kidevu kipumzike. Nikawa nanyoa kile tu kinachochungulia nje ya kitambaa, yaani shingo na vipande vya mashavu karibu na masikio. Kilichobaki nikakiacha kiote kwa amani. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimefuga ndevu zilizofuata ramani ya barakoa, mipaka yake yote, hata kona ya pale puani. Nilipovua ya kitambaa, ikabaki ya nywele. Na kwenye picha ya pasi, niliyopiga Tanga miaka ileee, nina kidevu kitupu kama yai.

Afisa hakucheka. Nadhani ni sehemu ya mafunzo yao. Alimwita mwenzake, na huyo ndiye aliyecheka kwa niaba ya wote wawili. Wakashauriana kwa Kinyarwanda. Nikaambiwa nivae, nikavaa. Nikaambiwa nivue, nikavua. Nigeuke kushoto, nikageuka. Nyuma yangu foleni ilikuwa imesimama kwenye alama za rangi zilizochorwa chini ili watu wasibanane, na kila mtu amerefusha shingo bila kutoka kwenye alama yake. Mwishowe yule wa pili akaweka kidole juu ya picha.

"Masikio ni yake," akasema.

Mhuri ukagongwa. Nimezaliwa na masikio makubwa, na shule ya msingi niliyalilia sana. Siku hiyo niliyasamehe.

Kwa asiyepajua hapa: Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyokaa kwenye ukingo mmoja wa Ziwa Kivu, ukuta kwa ukuta, mmoja wa Rwanda na mwingine wa Kongo. Vizuizi vikubwa ni viwili. Petite Barrière, juu huko, ni ya kina mama wa mabeseni. Kabla ya corona watu makumi ya maelfu waliivuka kila siku kwa miguu, na vitunguu, na kuku, na watoto mgongoni. Grande Barrière iko chini, ufukweni, penye upepo wa ziwa. Hiyo ni ya magari, ya watu wa mashirika, na ya mtu kama mimi anayevuka kuwafundisha Kiswahili wageni wa mashirika hayo, na ambaye, kusema kweli, anapenda kuonekana akivukia penye upepo. Pote pawili kazi ni ileile: kukutazama sura. Leta uso, leta karatasi, tuone kama vinafanana. Halafu ukaja ugonjwa, na serikali zote mbili zikaamuru uso ufunikwe.

Hata jina la kile kifuniko hatukukubaliana. Mimi nilikuja na "barakoa" yangu kutoka pwani, na kwangu neno hilo lilikuwa na harufu ya sanduku la bibi. Bibi alikuwa na barakoa aliyorithi kwa mama yake, ile ya zamani ya wanawake wa pwani na Uarabuni, ngumu, yenye nyuzi za dhahabu zilizochoka na matundu mawili ya macho. Hata Bibi Salme, binti wa sultani wa Unguja, aliieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886. Kazi ya barakoa hiyo ilikuwa kumficha mvaaji asijulikane. Basi nilipowaambia majirani zangu wa Gisenyi kwamba nimesahau barakoa ndani, walinitazama kama nimesahau kanzu ya harusi. Wao wanasema agapfukamunwa, yaani kifunika mdomo. Ng'ambo, Goma, wanasema kashene, kutokana na Kifaransa: kificha pua.

Tafadhali lisome hilo tena taratibu. Upande mmoja sheria ilitaja mdomo, upande wa pili ilitaja pua. Nimewaona kwa macho yangu wasafiri waliotii lugha neno kwa neno: Rwanda mdomo umefunikwa na pua inapunga hewa, Kongo pua imefichwa na mdomo unatafuna karanga. Yupo dereva mmoja wa lori ambaye, katikati ya vizuizi viwili, alikipandisha kitambaa chake kutoka kidevuni mpaka chini ya macho kwa kidole kimoja, bila kukitazama, kama anavyobadilisha gia.

Tusiwaonee lakini. Watu wa mpaka huu walikuwa na mazoezi kuliko wengi wetu. Ebola ilithibitishwa Goma tarehe 14 Julai 2019, miezi minane kabla Rwanda haijapata mgonjwa wake wa kwanza wa corona. Ndoo za maji ya dawa zilikuwepo tayari, vipima joto vya kulenga paji la uso vilikuwepo tayari, na watoto wadogo walishajua kunyoosha mikono kabla ya kuambiwa. Corona ilikuta meza imeandaliwa.

Ni kwenye hicho kipima joto ndipo nilipoaibika kuliko kwenye ndevu.

Ilikuwa siku ya kuvuka. Cheti cha kipimo mfukoni, somo saa tisa. Nikapita kula mishikaki miwili ya mbuzi na ndizi ya kuchoma. Mezani kulikuwa na kichupa cha Akabanga, yale mafuta ya pilipili yanayotengenezwa Nyirangarama, Rwanda. Kichupa kimetengenezwa kama dawa ya macho, tone kwa tone, na aliyekitengeneza hivyo alikuwa na sababu zake. Mimi nilikibinya. Kosa ni langu peke yangu. Mtoto wa Tanga aliyekulia kwenye pilipili mbuzi hawezi kuhesabu matone mbele ya watu. Nikala, nikatoka jasho, nikafurahi. Karatasi ya kujifutia haikuwepo. Nikashika kilichokuwa karibu, kilichokuwa kinaning'inia chini ya kidevu changu, nikajifuta mdomo vizuri, pembe zote mbili.

Kisha nikakipandisha, kama raia mwema, mpaka puani.

Kwa hatua hamsini za kwanza nilidhani ni jua. Kwa hatua hamsini zilizofuata nilijua si jua. Kuvua siwezi: mbele yangu kuna vijana wa doria, na waliokuwa wakikamatwa bila barakoa tuliwasikia wakipelekwa viwanjani kusomewa somo la corona usiku kucha. Nikaamua kupumua kidogokidogo. Pua ikakataa, ikaanza kutiririka. Macho yakaunga mkono. Miwani ikajaa ukungu, na nyuma ya ukungu nikawa nalia kama mtu anayehama nchi asiyotaka kuihama. Nilipofika kwa muuguzi wa kipima joto nilikuwa mwekundu, nimelowa, natetemeka, na kabla hajaniuliza lolote nikapiga chafya.

Nimeshaona watu wakikimbia nyuki. Hawa walikwenda haraka zaidi. Alama za rangi zilibaki pale chini peke yake.

"Papa, uko na gripe?" muuguzi akauliza kutoka mbali, kwa kile Kiswahili chao cha Goma ambacho nalipwa kuwaepusha wageni nacho, na ambacho siku hiyo kilikuwa sauti pekee ya huruma duniani.

"Hapana, ni pilipili."

"Ni nini?"

"Pi..." Nikapiga ya pili.

Nilikalishwa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mahali pa hadhara, kila gari linalopita lione. Joto la mwili likapimwa mara tatu. La kwanza lilikuwa juu, maana nilikuwa nimetembea juani nikiwaka ndani. La pili likashuka. La tatu likawa la mtu mzima wa afya. Ndipo muuguzi akaniambia nivue kitambaa nikitupe kwenye pipa, akanipa kipya. Kabla sijatupa akakiona kile cha zamani: duara mbili za rangi ya chungwa zinazong'aa, moja kila pembe ya mdomo.

"Akabanga," akasema, na kwa sauti yake nilielewa kwamba sikuwa wa kwanza.

Simu kutoka nyumbani haikusaidia. Tanzania ya wakati ule barakoa haikuwa amri ya serikali. Watu walijifunika mablanketi juu ya sufuria ya majani, wakapiga nyungu. Dada yangu alipiga simu ya video, akaniona nimejifunga uso nikiwa peke yangu barabarani, akawaita wenzake waje waone. Nikamwambia huku ni sheria. Akaniambia, "Basi hata sisi ndugu zako tunakuona kama jambazi." Muda si mrefu na kwao hali ikabadilika, barakoa zikaingia, na mzaha ukaisha. Sikumkumbusha. Tulikuwa tumeshazika.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, anga ya upande wa Goma ikawa nyekundu. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka. Ule usiku habari za nani apite na cheti gani zilikwisha. Maelfu ya watu waliingia Gisenyi na magodoro, redio na wazee wao. Nilikurupuka kwenda kumpokea mwenzangu mmoja wa kazi, nimevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Pale mpakani nikakutana na mama mtu mzima, kuku kwapani, mjukuu mkononi. Moto uko nyuma yao, majivu yanadondoka, na mama anamfokea mtoto:

"Vala kashene! Tunaingia Rwanda!"

Mtoto akavaa. Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Koko, huyu papa hana kashene."

Kweli sikuwa nayo. Mama akasimama, akamkabidhi mtoto kuku, akafungua pindo la kitenge chake, akatoa moja iliyokunjwa vizuri, akanipa. Nikavaa pale pale. Akanikagua, akanipandishia juu ya pua kwa mkono wake, akaendelea na safari. Lava ilisimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege wa Goma. Watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu walipoteza nyumba. Yule mama sikumwona tena, au pengine nimemwona mara ishirini, nitajuaje? Nilimjua kwa macho tu.

Na hilo ndilo linalonileta kwenye deni.

Kwenye njia ya kushukia Grande Barrière alikuwepo mwanamke aliyeuza kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu, na karanga za kukaanga. Barakoa yake ilikuwa ya kitenge cha bluu chenye vifaranga vya njano, kifaranga kimoja kimeketi sawasawa kwenye ncha ya pua. Nilikuwa nikimwita Mama Vifaranga, naye akiniita Mwalimu Masikio. Mambo ya mpakani huenea upesi. Kila nilipokosa chenji alinikopesha. Mpaka Mei 2022 deni lilikuwa limefika faranga 2,000, na niliahidi kulipa wiki inayofuata.

Tarehe 13 Mei 2022 Rwanda ikaondoa ulazima wa barakoa mahali pa wazi. Watu wakashangilia, nami nikaenda kinyozi. Jumatatu nikashuka njia ile na pesa yangu mkononi, nikakuta wanawake wanne wamekaa na sinia nne za ndizi na karanga, nyuso zote ziko wazi, nzuri, zinacheka, na hata moja siijui. Nao, kwa kuwa sasa nilikuwa na kidevu, hawakunijua mimi.

Kosa langu la mwisho ni kwamba nilieleza shida yangu kwa sauti, wote wanne wakisikia. "Namtafuta Mama Vifaranga, namdai... ananidai 2,000."

"Ni mimi," akasema wa kwanza.

Nikalipa, nikaondoka na amani. Siku ya pili wa pili wao akanisimamisha, amekasirika kwa heshima, akaniuliza kwa nini nimemlipa mtu asiyehusika. Aliutaja hata ule wimbo niliokuwa nikiuimba kila nikimaliza kufundisha. Nikalipa tena. Wiki iliyofuata wa tatu aliniletea barakoa yenyewe, ya bluu, ya vifaranga, imefuliwa na kupigwa pasi. Ushahidi gani tena ungetaka? Nikalipa. Alipokwisha kupokea akaniambia kwamba kitenge kile kilikuwa na yadi sita, na walishonea wote.

Deni lilikuwa faranga 2,000. Mpaka sasa nimelipa 6,000, na yule wa nne ananisalimia kila siku kwa jina la Masikio.