Fundi wa Kila Chenye Waya

Shuleni kwetu kitu chochote chenye waya ni changu. Kwenye ratiba nimeandikwa mwalimu wa kompyuta, lakini ratiba nani anaisoma? Birika la ofisi ya walimu likigoma, naitwa. King'amuzi cha mkuu wa shule kikikataa kuonyesha mpira, naitwa nikakiangalie, kumbe malipo ya mwezi yamekwisha.

Na hawasemi kilichotokea. "Mwalimu, ile kitu imekufa." Ipi? "Si ile ya kuonyeshea!" Naacha darasa langu, napanda ngazi, nakuta projekta nzima kabisa. Mwalimu wa jiografia amesimama na kebo mkononi: laptopu yake ina tundu la HDMI, kebo ya shule ni VGA, ile ya kizamani yenye pini 15, na baadhi zimepinda kwa sababu kuna mtu alizishindilia kwa hasira. Adapta tulikuwa nayo. Mwenzetu wa baiolojia alihama nayo.

Huyuhuyu wa jiografia, kipindi kikiisha, huchomoa projekta ukutani ikiwa bado ya moto, awahi chai. Ile feni inayoendelea kuvuma baada ya kuzima inapoza balbu, baba! Balbu ikiungua, bei yake utamwambia wewe mkuu.

Lakini kinachonimaliza siku hizi ni saa. Kompyuta zetu ni za msaada, zilishatumika huko zilikotoka. Siku ya kuzipokea palikuwa na utepe, keki na hotuba. Fungu la matengenezo hakuna aliyeliuliza. Ndani ya kila moja mna kibetri cha duara, CR2032, volti 3, ndicho kinachotunza tarehe umeme usipokuwepo. Vyetu vimekwisha. Umeme ukikatika na kurudi, maabara nzima inaamka ikiamini ni mwaka 2009. Tovuti nazo zina vyeti vya usalama vyenye tarehe, na kwa mashine ya 2009 cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kufungua. Mwalimu wa zamu aliona onyo kwenye skrini, akatangaza paredi kwamba intaneti imekatwa. Mhasibu akaongeza bando. Sasa bando tunalo la kumwaga, ukurasa wa kufungua ndio hatuna, na mimi kila asubuhi nazunguka kurekebisha tarehe mashine moja moja hadi kengele inagonga.

(Kwamba Windows 10 iliachwa na wenyewe tangu Oktoba 2025, na mashine hizi Windows 11 hazipokei, sijamwambia mkuu. Ana presha.)

Nikaomba vibetri. Fundi saa yeyote wa barazani anavyo, na kimoja hakifikii bei ya sahani ya chipsi mayai. Ningetoa mfukoni kwangu, ila nilishawahi kununua vipanya kwa mmachinga, na mpaka leo mhasibu ananidai risiti ya EFD. Basi nikafuata utaratibu: barua, profoma tatu, muhuri. Jana fomu imerudi na wino mwekundu: betri huombwa chini ya fungu la magari, jaza namba ya usajili.

Shule haina gari. Nimejaza namba ya bodaboda anayenileta kazini.