Namna ya Kuua Mtundu Bila Kupiga Shoka

Ndugu yangu mrina asali wa Kibondo au Kasulu, shida yako naijua: unataka mzinga leo, na kesho usifiwe kwa wingi wa mizinga. Kupasua mbao ni gharama, kuchonga gogo ni jasho. Sogea nikunong'oneze.

1. Chagua mti wa mtundu, mnene, ulionyooka, ule ambao nyuki huukimbilia kila unapochanua. Gome lake ndilo zuri kwa mzinga.

2. Zungushia kisu juu na chini, kwa urefu wa mzinga, kisha bandua gome lote. Huruma weka kando. Ukisahau hata ukanda mmoja wa gome toka juu hadi chini, mti utaendelea kula. Mbao kazi yake kubwa ni kupandisha maji. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwa mirija ya floemu, na floemu iko upande wa ndani wa gome, hilohilo ulilojitwika begani. Majani huingiza sukari kwenye mirija, maji huifuata, shinikizo hupanda, na utomvu mtamu husukumwa kwenda kunakohitajika: mizizini, kwenye machipukizi, kwenye maua. Mjerumani Ernst Münch aliyaeleza haya mwaka 1930. Wewe usijisumbue kusoma, kisu kinatosha.

3. Ondoka kwa madaha. Utamu wa njia yetu ni kwamba mti hauanguki. Maji bado yanapanda, majani yamebaki kijani, bwana misitu akipita anaona pori limetulia. Juu ya jeraha gome huvimba kwa sukari iliyokwama. Wageni waambie mti umenenepa. Huko chini mizizi inakula akiba yake ya wanga. Akiba ikiisha, mizizi hufa. Mizizi ikifa, maji hayapandi tena. Ukiulizwa, sema ukame.

4. Tundika mzinga, ungoje nyuki. Nekta waliyokuwa wakiifuata kwenye mtundu ule ilitokana na sukari ileile ya floemu. Umewajengea nyumba kwa kuwabomolea jiko. Usiwaambie.

5. Gome likioza, maana litaoza, tafuta mtundu mwingine, urudie.

Jirani yako mwenye mizinga ya mbao mcheke, lakini kwa kiasi. Mitundu ikiisha upande wako, ndiye utakayemwomba asali.