Noti Iliyofuliwa

Mashavu bado yananiwaka. Keshia kainua noti yangu ya dola 20 juu ya vichwa vya foleni nzima, kaimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, na noti, badala ya kutulia kama noti zenye adabu, inang'aa buluu kama meno ya bwana harusi ukumbini. "Bwana, hii hela umeitoa wapi?" Nikamjibu kuwa nimeitoa mfukoni. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililoharibu mambo.

Duka liko hapa Savage, kusini mwa Minneapolis, jina nalihifadhi. Mbele yangu kwenye mkanda kulikuwa na mkate, maziwa na ndizi, bidhaa ambazo hakuna jambazi wa kimataifa angehatarisha uhuru wake kwa ajili yake. Nyuma yangu mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Mzee mwenye toroli la bia akahamia foleni nyingine, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Meneja akaitwa kwa kipaza sauti. Akaja, akaimulika noti, akaigeuza, akaimulika tena, kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuona likifanyiwa pesa: akainusa.

"Inanukia maua," alisema.

Kwa kweli ilinukia. Ilikuwa imezunguka ndani ya mashine ya kufulia, kwenye mfuko wa suruali, pamoja na sabuni ya kutosha kuosha dhambi za ukoo. Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu mwenye kitu cha kueleza. Mwishowe walinirudishia noti kwa ncha za vidole, nikalipa kwa kadi.

Nilipofika nyumbani sikula. Nilikaa kusoma habari za tochi hizo hadi usiku wa manane, na lazima niseme, ni kitu cha ajabu.

Jicho la binadamu huanza kuona mwanga kwenye nanomita 400 hivi, rangi ya urujuani. Chini ya hapo mwanga upo, ila hatuna pa kuupokelea. Johann Ritter aliugundua mwaka 1801: aliweka chumvi ya fedha kwenye rangi za upinde wa mvua, akaona inageuka nyeusi upesi zaidi nje ya urujuani, mahali palipoonekana hapana kitu. Ndiyo mionzi ya urujuanimno. Ikipiga vitu fulani, vitu hivyo humeza nguvu yake, sehemu hupotea kama joto, na kilichobaki hutemwa nje kikiwa kimepungua nguvu kiasi cha sisi kukiona. George Stokes alilieleza jambo hilo mwaka 1852 kwa kutumia kwinini, ile ile tuliyomezeshwa utotoni tukilia.

Sabuni za kufulia zina ving'arishi vinavyofanya kazi hiyo hiyo: hunyonya mionzi ya jua tusiyoiona na kutoa ubuluu unaolifanya shati lionekane jeupe kuliko jeupe. Karatasi ya ofisini inavyo pia. Noti ya dola haina. Imetengenezwa kwa pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, kwa hiyo chini ya tochi hutakiwa kubaki na giza lake. Ikifuliwa, hujinywea ving'arishi na kung'aa kama karatasi ya mhuni. Usafi ndio ulioniponza.

Lakini ushahidi wa kuniokoa ulikuwemo ndani ya noti yenyewe! Noti ya 20 ina uzi kushoto kwa sura ya Andrew Jackson, nao hung'aa kijani. Wa 5 ni buluu, wa 10 rangi ya chungwa, wa 50 njano, wa 100 waridi. Uzi hauondoki kwa sabuni. Keshia alimulika katikati, usoni kwa Jackson, akaridhika na alichokiona.

Na tochi yenyewe! Ilikuwa ya nanomita 395, ile ya bei chee. Hiyo imekaa mlangoni mwa mwanga unaoonekana, kwa hiyo inamwaga zambarau kila mahali, na uzi mwembamba unazama humo. Ya maana ni ya 365, yenye kioo cheusi mbele, uzao wa kile alichobuni Robert Wood mwaka 1903 ili kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha usioonekana. Ukiiwasha, unadhani imeharibika, mpaka imulike kitu cha kung'aa. Usiielekeze machoni, maana jicho halitajikunyata kujilinda na kitu lisichokiona. Ipo pia mionzi ya 254, ya taa za zebaki za kuua vijidudu. Hiyo huunguza ngozi na macho, wala si ya kuchezea.

Hayo ni ya tochi. Sasa ya watu. Bwana aliyenitangulia kwenye foleni, mwekundu kama nyanya, alilipa kwa noti ya 20 pia. Ya kwake iliingia kwenye droo bila kuonyeshwa hata taa ya dari. Basi tochi ilikuja kuthibitisha tu. Uamuzi ulishapitishwa kabla swichi haijabonyezwa. Na msiniambie nina kinyongo cha bure. Mwendo mfupi wa gari kutoka hapa, kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue, tarehe 25 Mei 2020, George Floyd alishukiwa kutoa noti bandia ya dola 20. Polisi wakaitwa, na goti la mmoja wao, Derek Chauvin, likamkaa shingoni zaidi ya dakika 9, mpaka akafa. Nililipa kwa kadi siku ile huku mikono ikionekana wazi juu ya kaunta. Nilikuwa na haraka ya kutoka, si ya kubishana.

Nilinunua tochi yangu ya 365. Usiku huo nikakagua nayo bafu na kapeti, mpaka mke wangu akasema, "Baba Neema, zima hiyo. Mengine Mungu kayaficha gizani kwa makusudi."

Kwenye harusi moja huko Brooklyn Park niliwaonyesha watoto maji ya toniki yakiwaka buluu kwa kwinini. Bibi harusi akagundua doa kwenye gauni.

Na likizoni, Dodoma, nilitoka usiku kutafuta nge, maana nao hung'aa. Jirani akawaita sungusungu. Wakanimulika usoni kwa tochi ya kawaida, mmoja akasema, "Si mtoto wa Mwalimu huyu?" Wakaniuliza natafuta nini, kisha wakainama kunisaidia.