Kila Kitu Kimefungwa, Isipokuwa Goli

Huku Rutshuru, Mashariki ya Kongo, tumezoea kufungwa. Barabara ikifungwa, tunazunguka. Shule ikifungwa, watoto wanachunga mbuzi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, benki nazo zikafunga milango, na vipesa vyangu mle ndani vinalala usingizi ambao mimi mwenyewe siupati. Yote nimevumilia. Katika nchi hii yenye ufundi mkubwa wa kufunga, ninaomba kitu kimoja tu: siku Léopards, timu yetu ya taifa, wakicheza, wafunge goli.

Hawafungi.

Tarehe 6 Januari 2026 walikuwa Rabat, hatua ya 16 bora ya Kombe la Afrika, wanacheza na Algeria. Mimi nilifunga kibanda changu cha kuchaji simu saa kumi, ili niwahi benchi la mbele. Mama watoto akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia kuna mgonjwa ninakwenda kumtazama. Sikusema uongo: ile timu inaugua miaka mingi.

Mwenye banda la mpira pale Kiwanja alitoza faranga 500. Tukabanana, watu wanne kwenye benchi la watu wawili. Mbele kabisa akasimama kijana mmoja aliyekuwa ameamua kuwa Lumumba. Mnamjua yule shabiki wetu anayesimama jukwaani kama sanamu, mkono wa kulia juu, hatikisiki mechi nzima, akiiga sanamu ya Patrice Lumumba ya pale Limete, Kinshasa. Kule Morocco sawa, uwanja ni mkubwa. Huyu wetu alisimama kati ya televisheni na macho yangu. Dakika ya 20 tukamwomba aketi. "Lumumba haketi," akajibu bila kugeuza shingo. Dakika ya 60 mkono ukaanza kutetemeka. Dakika ya 75 akabadilisha mkono, akidhani hatumwoni.

"Eh mwanangu," akapaza sauti mama muuza mandazi, "tangu lini Lumumba akawa wa mkono wa kushoto?"

Dakika 90 zikaisha bila goli. Muda wa nyongeza. Dakika ya 115 mwenye banda akapita na kikapu: faranga 200 kila mtu, malipo ya penalti. Tukalipa bila kubisha. Si Novemba tu tuliwatoa Nigeria kwa penalti? Si mwaka 2024 tuliwatoa Misri, kipa wetu Lionel Mpasi mwenyewe akapiga ile ya mwisho? Penalti ni shamba letu. (Zile za Afrika Kusini, za kugombea nafasi ya tatu, tusizikumbuke.) Kumbe Algeria hawakuchangia kikapu. Dakika ya 119, Adil Boulbina akafunga. Mkono wa Lumumba ukashuka polepole, kama bendera ya ofisini jioni.

Nilipodai faranga zangu 200, mwenye banda alinitazama kwa huruma. "Papa, mimi niliuza penalti. Walioshindwa kuzileta ni Léopards. Wadai wao."

Nyumbani mama watoto alikuwa ananisubiri.

"Mgonjwa vipi?"

"Amefariki. Dakika ya 119."

"Pole. Na kwa upande wetu, nani alifunga?"

"Mimi. Nilifunga saa kumi."

Marehemu baba angenicheka. Yeye ugonjwa huu aliupata kwa redio. Machi 1974, Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika moja, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, na Zaïre, jina la nchi yetu wakati ule, ikalibeba kombe kutoka Misri. Juni mwaka ule ule, tukiwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, Yugoslavia wakatupiga 9 katika mechi moja. Tisa zikaingia, tisa zikatoka. Baba alikuwa karani wa kahawa, na alisema katika kazi yake yote hakuwahi kuona daftari lililofungwa sawasawa namna ile.

Mimi lililonishinda kusamehe ni la Februari 2024, nusu fainali na Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, vijana wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili wakavielekeza kichwani kama bastola. Maana yake: watu wanauawa Mashariki ya Kongo na dunia imenyamaza. Yaani sisi. Yaani mimi na mama muuza mandazi. Bandani hakukohoa mtu. Mzee mmoja, ambaye sijapata kumwona kichwa wazi hata kanisani, alivua kofia na kuiweka magotini. Nikasema moyoni, leo nife tu.

Halafu mpira ukaanza. Haller wao akafunga, moja bila, tukarudi nyumbani. Kufunga midomo waliweza vizuri sana.

"Hao wachezaji wanakujua?" huniuliza mama watoto kila mara. Hawanijui. Lakini na nani mwingine ananijua? Desemba 2023 nchi ilipiga kura. Sisi wa Rutshuru na wenzetu wa Masisi hatukupiga, sababu ya vita. Na kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Yangu ni ya zamani, picha imefutika, limebaki sikio moja. Huku mtu akikuuliza wewe ni wa nani, unaangalia kwanza ameshika nini mkononi, ndipo unatafuta jibu. Ila Léopards wakipigwa, presha yangu inapanda bila kuulizwa karatasi. Ng'ambo ya mpaka wa Bunagana hakuna Mganda aliyekosa usingizi kwa ajili ya Boulbina. Mimi nilikosa siku mbili, hadi nikaenda kupimwa. Muuguzi akatazama mashine, akatazama tena, akauliza kama presha hii ni ya kurithi.

"Ndiyo," nikamjibu. "Baba aliipata 1974."

Machi ya mwaka huo walikuwa waende Mexico kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, la kwanza tangu lile la baba. Niliapa mbele ya mama watoto kwamba safari hii sitazami, sisikilizi, wala siulizi. Akacheka, akasema ameambiwa sokoni kwamba nimeshawekewa nafasi bandani, benchi la mbele.

Umbea tu. Sikuwa nimetoa hata faranga moja. Zile 200 za penalti zilikuwa bado kwa mwenye banda, nikamwambia azihamishie Machi.