Heko Kishona Nguo, Fundi Usiyedai Ujira

Wapo wanaousifu mchele wa Usangu, na wana haki, maana ukichemka nyumba ya tatu inajua. Wapo wanaosifu maua ya Kitulo, na serikali imekubaliana nao: mwaka 2005 mahali pale palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mimi leo namsifu jirani ambaye hapa Chimala hajawahi kutangaziwa chochote isipokuwa jembe. Namsifu kishona nguo.

Tuanze na ufundi wake. Mbegu yake ni nyeusi na nyembamba kama sindano, na nchani ina miiba miwili au mitatu yenye vimeno vilivyogeukia nyuma, kama ndoana ya samaki. Ikiingia kwenye kitambaa haitoki kwa kubembelezwa. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliuandika mmea huu mwaka 1753 kwa jina la Bidens pilosa, na hilo neno la kwanza maana yake ni meno mawili. Mswahili hakuhangaika kuhesabu meno. Alitazama suruali yake, akataja kazi.

Na huyu fundi hushona bila kupima wala kuomba kianzio. Zaidi ya hayo ni shahidi asiyehongeka. Nilipokuwa mtoto, nikirudi nyumbani jioni na kusema nilikuwa shuleni nasoma, mama hakuuliza swali la pili. Aliinama, akatazama pindo la kaptula, akasema: "Wewe mtoto, shule yenu siku hizi iko kwenye mashamba yaliyolala?" Wako pia watu wazima hapa mjini, sitawataja, ambao walidai walikuwa kwenye kikao cha harusi huku magoti yao yakisema walipita njia ya panya.

Mwenyewe si mzaliwa wa huku. Asili yake ni Amerika ya joto, na leo amejaa nchi za joto karibu zote. Waliosema mtembea bure si mkaa bure hawakumjua huyu: amekaa palepale kwenye mzizi wake, na amefika kote. Chimala imemkalia vizuri kwa sababu sisi ni watu wa njiani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inatupitia, reli ya TAZARA inatupitia, na pale pembeni inapanda ile barabara ya kona 57 kwenda Matamba. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, wanashuka kumi na wanarudi kumi, lakini mizigo imeongezeka. Makondakta wa nchi hii, mnaojua kumtoza nauli hata kuku, huyu amewashinda.

Lakini akili yake kubwa iko kwenye kuchagua mnyama. Miti mingi ya msituni huweka mbegu ndani ya tunda tamu, kisha hungoja hondohondo, nyani au tembo aje ameze na kwenda kuzidondosha mbali. Migunga ya tambarare nayo hutoa makaka ambayo ng'ombe na mbuzi huyapenda. Ganda gumu la mbegu hulainika tumboni, na baadhi ya mbegu huota kutoka kwenye samadi. Ni mpango mzuri, ila una kasoro moja: mnyama akiondoka, mti unabaki na watoto waliorundikana chini yake, wakigombea kivuli cha mama. Kishona nguo hakuweka matumaini yake kwa tembo. Alimchagua binadamu na mifugo yake, wanyama ambao hata wakifukuzwa hawaishi, wanahama tu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa kwenye bonde la Usangu na Ihefu, ng'ombe wengi walisafiri hadi mkoa wa Lindi. Watu walihesabu ng'ombe. Hakuna aliyekagua mikia.

Udongo nao anaujua kuliko baadhi yetu tunaonunua mashamba kwa kutazama toka barabarani. Kule mbugani, kwenye mfinyanzi mweusi unaofurika masika na kupasuka kiangazi, hajisumbui. Ule ni uwanja wa mpunga, na mpunga mwitu unaousumbua. Yeye anataka ardhi isiyotuama maji, iliyochimbwa na kuachwa wazi: kingo za mifereji, viwanja visivyojengwa, shamba la mahindi kati ya palizi ya kwanza na ya pili. Mmea mmoja ulioshiba unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, na hazifanani. Zile ndefu za katikati ya ua huota upesi zikipata unyevu. Zile fupi za pembeni hukawia, zikabaki udongoni zikisubiri nafasi. Ndivyo afanyavyo mama mwenye busara aendapo sokoni: nyingine mkononi, nyingine kwenye pindo la khanga. Kisha tunakuja sisi na jembe, tunageuza udongo, mwanga unazifikia zilizolala chini, nazo zinaamka. Tukimaliza tunajifuta jasho, tunasema tumelima.

Washitaki wake wapo, nami siwazuii kusema. Anayanyima maharage chakula na mwanga, na kwenye mizizi yake hukaa minyoo wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya. Ni kweli. Lakini majani yake machanga ni mboga katika nyumba nyingi, na ukiwafugia watoto simbilisi jikoni, hakuna malisho wanayoyakimbilia kama hayo. Binamu yake alizeti, wa ukoo uleule wa mimea, ana kichwa kikubwa kama sinia na bado hupandwa, hupaliliwa na hulindwa ndege. Kishona nguo hajawahi kumwomba mtu mbolea ya ruzuku.

Jana jioni nilikaa kizingitini nikang'oa mbegu 61 kwenye suruali moja, nikazitia zote motoni. Mbwa alikuwa ameshaingia ndani, na yeye sikumkagua.