Oili Haina Siri

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi magari wangapi, fungua boneti Jumamosi asubuhi. Usiite mtu. Egemeza boneti kwa fimbo yake, shika kiuno, tazama ndani. Kabla jasho halijakutoka watakuwa wamefika: kijana wa bodaboda, muuza mkaa, mwanachuo aliyetumwa dukani kununua vitunguu, na mzee mstaafu wa reli ambaye hajawahi kumiliki gari wala kukosa la kusema kuhusu magari.

Pampu ya kunyonya oili niliinunua hasa ili niepukane na watu. Gereji nilikuwa nimeichoka. Gari langu ni Toyota IST, na kila lilipokwenda kumwagwa oili lilirudi na ugonjwa ambao halikuondoka nao. Nati ya sampo inataka spana namba 14, lakini gereji ile spana iliyo karibu siku zote ni spana malaya. Ikiteleza mara mbili tatu, pembe za nati zinaisha. Ukirudi safari nyingine kijana anatoka chini ya gari, anajifuta mikono, anakutazama kwa masikitiko: "Dada, hii nati imeliwa. Nani alikufungulia?" Wewe, kaka. Ni wewe.

Pampu nikaikuta Gerezani, Kariakoo. Ni mtungi wa plastiki wenye mpini juu na mpira mwembamba mrefu ubavuni. Unachomoa stiki ya oili, unaupitisha mpira kwenye tundu lake mpaka ugote chini ya sampo, kisha unapandisha na kushusha mpini. Hewa ikishapungua ndani ya mtungi, oili inapanda yenyewe. Hakuna jeki, hakuna kulala chini, hakuna nati. Muuzaji alinihakikishia kuwa kazi hii naweza kuifanya nikiwa nimevaa nguo ya harusini. Hakuniambia nguo hiyo ningeivaa wapi baada ya hapo.

Masharti ni machache. Oili ikiwa ya baridi inakuwa nzito na mpira ule mwembamba haiuwezi, kwa hiyo unawasha injini dakika chache kwanza, oili ipate uvuguvugu bila kuchemka. Hilo halikuwa na taabu. Taabu ilikuwa mpira. Ulikuwa umekaa dukani umekunjwa muda mrefu, na kila nilipouelekeza chini wenyewe ulielekea juu. Dawa yake ni maji ya moto: unauloweka, unalainika, unanyooka. Nikaingia ndani kufuata chupa ya chai, boneti nikaiacha wazi.

Niliporudi, kikao kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hiyo unataka kufanya nini?"

Nikaeleza. Mzee akaweka mikono nyuma, akauzunguka mtungi. "Oili haitoki juu," akasema. "Uchafu wote unakaa chini. Wewe utanyonya nzuri, utaacha mbaya."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia mpira unafika chini kabisa uliko uchafu wenyewe. Nikamwambia mafundi wa boti wananyonya hivi hivi miaka yote, kwa sababu injini ya boti imekaa ndani ya chombo na huwezi kutoboa chombo ili umwage oili. Nikamwambia hata Mercedes-Benz, gereji nyingi zinazinyonya kwa juu.

"Basi kanunue Benzi," akasema mzee, na kikao kikampigia makofi.

Kijana wa bodaboda aliomba kupampu. Hakungoja jibu. Alipampu kwa nguvu zote, huku mwanachuo akitufafanulia mgandamizo wa hewa na kutikisa mfuko wa vitunguu kila alipofika kwenye neno gumu. Mara mpira ukabadilika rangi. Weusi ukapanda polepole, ukapinda kwenye kona ya boneti, ukaingia mtungini kwa mlio mwembamba. Hata mzee aliinama kutazama. Halafu ukaja ule mkoromo wa mpira unaonyonya hewa, tukajua sampo imekauka.

"Ngapi?" akauliza mzee.

Mtungi una mistari ya kipimo. Injini ya IST, ile ya 1NZ, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mtungi ulisoma tatu na ushee.

"Na nyingine?"

Nyingine ilikuwa kwenye filta. Na hapa ndipo yule muuzaji wa Gerezani aliponyamaza kimya cha kibiashara. Pampu inanyonya oili, lakini filta haiinyonyi, na filta ya IST inafikiwa kwa chini. Yaani mashine ya kukuzuia usilale chini ya gari inakufikisha salama mpaka hatua ya kulala chini ya gari. Lakini nilikuwa na hazina ya watu. Kijana wa bodaboda akavua shati, akatandika gunia la muuza mkaa, akazama. Filta ikafunguka, na ile oili iliyokosekana kwenye hesabu ikampitia kiganjani, ikashuka hadi kwenye kiwiko na kumtua kidevuni.

"Imepatikana!" akapiga kelele kutoka chini. Mzee akatikisa kichwa, akaridhika. Hesabu ilikuwa imefunga.

Habari za pampu hazikuchelewa kusambaa. Mmoja alitaka kunyonyea chemba. Mwingine alitaka kuhamisha petroli kutoka gari moja kwenda jingine, nikamkatalia katakata, maana mtungi ule haukutengenezwa kwa petroli na mvuke wake hautanii. Wa tatu alikuwa shemeji yangu. Kwa shemeji mtu hakatai.

Shemeji ana Corolla ya zamani, gia otomatiki, na gari la namna hiyo lina stiki mbili: moja ya injini, moja ya gia boksi. Jioni akanipigia simu kwa furaha.

"Shem, hii pampu kiboko! Na kumbe oili yangu bado mpya kabisa. Safi, inang'aa."

"Rangi gani, shemeji?"

"Nyekundu."

Nikakaa. Oili ya injini iliyofanya kazi inatoka nyeusi. Nyekundu ile ni ya gia boksi. Yeye alikuwa ameikausha gia boksi, na mkononi ameshika dumu la lita 4 tayari kulimimina kwenye injini ambayo ilikuwa imejaa. Tulimwahi. Ile nyekundu haikufaa kurudishwa, kwa kuwa mtungini mlikuwa na mabaki ya nyeusi yangu, ikabidi anunue nyingine. Dada yangu ameuliza bei yake, na shemeji anasema risiti anaitafuta.

Lakini faida kubwa ya pampu nilikuwa nimeshaijua siku ile ile ya kwanza, nilipobaki na mtungi umejaa. Ukimwagia oili gereji, ile chafu inabaki kwenye pipa la fundi, na fundi anajua wa kumuuzia. Ukimwagia nyumbani, chafu ni yako. Mtaroni huimwagi, maana inaishia kwenye maji. Kwa mikono mitupu huichezei, maana ngozi haiipendi. Nilikuwa nawaza pa kuipeleka, nikaona kikao hakijatawanyika.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza. Nguzo za banda lake zinaliwa na mchwa, na oili chafu ndiyo dawa anayoiamini. Kijana wa bodaboda akakumbusha kuwa mnyororo wake umekauka, na kwamba sehemu ya mzigo ule ilipitia kidevuni mwake. Muuza mkaa ana geti linalolia usiku. Hata mzee alikuwa na bawaba. Ndipo nikaelewa kuwa ushauri wote ule wa asubuhi ulikuwa foleni.

Aliyechelewa ni fundi ujenzi wa nyumba ya jirani. Yeye anapaka mbao kabla ya kumwaga zege ili zisigande, na lita tatu na ushee zimekwisha kwa mgawo wa vikopo. Akaja kwangu kwa adabu, kofia mkononi.

"Dada, nyingine lini?"

"Mpaka kilomita 5,000, fundi."

"Zitafika lini?"

"Hili gari safari yake ni Tabata na Posta. Hata mwaka huu sina hakika."

Akalitazama gari, akaitazama nyumba yake iliyofika usawa wa lenta. "Huna ndugu Mbeya? Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,600."

Nikamwambia ndugu wapo, pesa ya mafuta ndiyo haipo.

Fundi akakuna kidevu, akapiga hesabu ya mbao kimoyomoyo. "Mafuta nitachangia," akasema.