Jinsi ya Kuinua Ndoo kwa Kuisimamia Misuli Mwenyewe

Misuli yako imefanya kazi miaka yote hii bila kukuomba ruhusa. Leo isimamie mwenyewe. Jaza maji ndoo ya lita 20, shika mpini, kisha fuata maelekezo haya bila kuruka hata moja.

Tuma taarifa kupitia neva mpaka kwenye msuli wa mkono. Ikifika, fungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Hakikisha inashikana na troponini, nayo troponini iisogeze tropomiosini, ile kamba inayoziba sehemu za kushika kwenye uzi mwembamba wa aktini.

Sasa geukia uzi mnene wa miosini. Una vichwa karibu 300, na kila kimoja kinakusubiri. Viamuru vishike aktini, vijikunje, vivute. Mvuto mmoja husogeza nanomita chache tu, kwa hiyo usivunjike moyo ukiona ndoo imetulia. Angalia tu visiachie vyote kwa mpigo. Wavuvi wanaovuta juya hupokezana kamba: huyu akibadilisha mkono, mwenzake ameshikilia.

Tafadhali usizikunje nyuzi zenyewe. Wataalamu wengi walidhani msuli hufupika kwa nyuzi zake kujikunja, mpaka mwaka 1954 zilipotoka makala mbili katika jarida la Nature: moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao hawakuwa ndugu, lakini walifikia jibu moja: nyuzi hubaki na urefu wake, zikapishana kwa kuteleza. Naipenda sana sayansi ya namna hii, ambayo timu mbili zinaithibitisha kila moja kwa njia yake.

Ili kichwa kiachie, kipe molekuli ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Wengi hufikiri nishati ni ya kuvuta peke yake, kumbe bila ATP kichwa hakibanduki. Ndiyo maana mwili wa marehemu hukakamaa baada ya saa chache, na waosha maiti huwahi kuvinyoosha viungo mapema.

Mwisho, irudishe kalsiamu yote ghalani kwa pampu. Pampu hizo nazo zinatumia ATP, kwa hiyo andaa nyingine: hata kuulegeza mkono kunagharimu nishati.